Mnaosema dunia ingekuwa bora bila dini: Albania waliifuta kwa sheria miaka 23, njooni tuongee

#1 Mwanamzizima

Wakuu, salaam.

Humu ndani kila mchungaji akikumbwa na kashfa, au klipu ya shehe anayeporomosha matusi ikisambaa, hazipiti saa mbili kuna mtu ameshafungua uzi: "Dini ndiyo mzizi wa fitina, zifutwe zote tupumue." Watu wanagonga laiki, wengine wanatoa povu, na mwisho wa siku kila mtu anaondoka na msimamo aliokuja nao. Kinachonishinda ni kwamba tunajadili kana kwamba jambo lenyewe halijawahi kujaribiwa popote. Limejaribiwa. Nchi nzima, kwa sheria na kwa polisi, miaka 23. Matokeo yapo, yanasomeka.

Nchi yenyewe ni Albania. Kwa asiyeijua, iko Ulaya, kaskazini ya Ugiriki, ukivuka bahari upande wa pili unakuta Italia. Ni ndogo, kilomita za mraba elfu 28 na ushee, haifiki nusu ya mkoa wa Tabora. Wakati huo ilikuwa na watu milioni mbili hivi. Kabla ya Vita Kuu ya Pili hesabu ya dini ilikuwa hivi: katika kila watu kumi, saba Waislamu, wawili Waorthodoksi, mmoja Mkatoliki. Na hawakuwa wakichinjana kwa ajili ya dini. Hilo mliweke akilini, maana hoja ya kwanza ya wafutaji huwa ni vita vya dini. Hawa walifuta bila hata kuwa na kisingizio hicho.

Tarehe 6 Februari 1967 kiongozi wao wa kikomunisti, Enver Hoxha, alitoa hotuba. Vijana wakatangulizwa mbele, wanafunzi wa sekondari pale Durrës wakiwa vinara, wakienda kijiji kwa kijiji "kuwashawishi" wazee waachane na mambo ya kale. Mnajua ushawishi wa aina hiyo unavyokuwa, nyuma yake yuko katibu wa Chama na daftari. Kufikia mwisho wa mwaka nyumba za ibada 2,169 zilikuwa zimefungwa: misikiti, makanisa, monasteri, zawia za Wabektashi (tarika ya Kisufi). Nyingine zikabomolewa, nyingine zikawa maghala na kumbi za sinema. Kanisa kuu la Shkodër likageuzwa ukumbi wa michezo. Katiba ya 1976, Ibara ya 37, ikaweka nukta: dola haitambui dini yoyote. Wakajitangaza nchi ya kwanza duniani isiyo na Mungu kisheria.

Sasa, Katiba ni karatasi. Nendeni kwenye utekelezaji. Mwezi wa Ramadhani, na hivyo hivyo Kwaresima, shuleni na kazini kunagawiwa chakula, kile kile ambacho mfungaji hatakiwi kukigusa. Mchana kweupe, mbele ya wenzako. Unayesita unaandikwa. Mtoto anaulizwa na mwalimu wake, kwa sauti ya upole tu, kama nyumbani wiki iliyopita walipaka mayai rangi. Kule Pasaka ni mayai ya rangi. Mtoto wa miaka saba anajibu kwa furaha, na baba yake anaitwa ofisini. Mwaka 1975 ikatoka amri kwamba wenye majina yasiyolingana na itikadi ya dola wayabadilishe. Yaani hata Yusufu na Petro walikuwa tatizo.

Padri Shtjefën Kurti alibatiza mtoto kwa siri, akapigwa risasi. Padri Ernest Simoni alikuwa amekamatwa tangu mkesha wa Krismasi 1963, kabla hata ya marufuku yenyewe. Alihukumiwa kifo, adhabu ikapunguzwa, akatumikia kazi ngumu miaka 18, sehemu yake kwenye mgodi wa Spaç. Alipotoka, akapangiwa kazi kwenye mitaro ya maji machafu ya Shkodër. Miaka yote hiyo Misa aliisoma kwa kichwa, kwa Kilatini, bila kitabu wala altare. Alipomsimulia Papa Fransisko mjini Tirana mwaka 2014, Papa alilia hadharani, na mwaka 2016 akamfanya kardinali. Hafiz Sabri Koçi naye, mwanachuoni wa Kiislamu, alikaa gerezani zaidi ya miaka 20.

Haya, na watu walipata nini badala yake? Mwaka 1968, mwaka mmoja tu baada ya Mungu kupigwa marufuku, vijana na wanajeshi walipelekwa kwenye mlima Shpirag, juu ya mji wa Berat, wakaandika kwa mawe yaliyopakwa rangi nyeupe: ENVER. Herufi za ukubwa wa kusomeka ukiwa mbali kabisa. Hoxha alipokufa mwaka 1985 alijengewa katikati ya mji mkuu makumbusho ya umbo la piramidi, kama Firauni. Siandiki mafumbo, jengo lipo mpaka leo.

Utawala ulipoanza kuyumba, watu hawakusubiri sheria ibadilishwe. Tarehe 4 Novemba 1990 Padri Simon Jubani, aliyekuwa ametoka kutumikia miaka 26 jela, alisoma Misa ya hadhara kwenye makaburi ya Shkodër. Wiki mbili hazijaisha, tarehe 16, Hafiz Sabri Koçi akaswalisha Ijumaa mji huo huo. Umati wa Waislamu na Wakristo ulifika kote kuwili. Kwenye sensa ya 2011, waliojiandikisha kuwa hawaamini Mungu walikuwa asilimia 2.5. Miaka 23 ya kazi ngumu, risasi na mayai, kwa asilimia 2.5!

Na kuna kipande ambacho wanaopenda kuzungumzia Albania huwa wanakiruka, ndicho kilichonifanya nifungue uzi huu. Katikati ya miaka ya 1990 ikaingia michezo ya upatu. Weka fedha leo, miezi mitatu chukua mara mbili, mara tatu. Karibu theluthi mbili ya wananchi waliweka humo. Watu waliuza nyumba na mifugo. Madeni ya makampuni hayo yakafikia karibu nusu ya pato la taifa. Januari 1997 yakaanza kuanguka moja baada ya jingine, watu wakavamia maghala ya silaha, serikali ikaanguka, wakafa watu kama elfu mbili. Hiki ni kizazi kilichosomeshwa darasani kuwa imani ni ujinga. Walifundishwa sayansi tangu chekechea. Na waliamini muujiza wa fedha kuliko bibi yangu anavyomwamini Mtakatifu Antoni.

Sisemi kutokuwa na dini ndiko kulikoleta upatu. Hapa Dar mwaka 2009 tulikuwa na wa kwetu, ukiendeshwa na wachungaji, lugha yake ni kupanda mbegu na kuvuna. Ninachosema: wepesi wa kuamini, kumwabudu mkubwa, na kumchongea jirani havikai msikitini wala kanisani peke yake. Ukifunga jengo vinahamia jengo la pili. Mnaotaka dini zifutwe, nionyesheni mnadhani vitaenda wapi.

(Kidogo nje ya mada: Albania na sisi tuliwahi kusimama pamoja. Azimio la 1971 lililoirudisha China Umoja wa Mataifa lilibebwa na Albania, Tanzania ikiwa miongoni mwa waungaji mkono wakubwa. Rafiki mmoja, nchi mbili za kijamaa, lakini kwenye suala la Mungu kila mmoja alishika njia yake. Nalo lingefaa uzi wake.)

Karibuni.


#2 Sokomoko

Gazeti zima hili mkuu, lakini nimelimaliza.

Tatizo lako umechagua mfano rahisi kuupiga. Nani kakwambia tunataka kufuta kwa bunduki? Ukimpiga mtu risasi kwa sababu ya ubatizo, kosa ni la risasi. Sisi tunasema dini iachwe ife yenyewe watu wakielimika. Mbona hukuenda Denmark? Sweden? Ucheki? Watu hawaswali, makanisa yamekuwa baa na maktaba, na hawana njaa, hawana rushwa ya kijinga, barabara zao hazina mashimo. Linganisha na sisi tunaokesha kila Ijumaa na kila Jumapili. Takwimu zinaongea.


#3 Muhenga_77

Nimefika kwenye "nusu ya Tabora" chai imepoa. Nakuja.


#4 Mama Wawili

Mimi sina elimu ya hizo nchi zenu. Ninajua Peramiho, Ndanda, Bugando na KCMC. Wote hao ni watu wa dini waliokaa wakajenga. Wanangu wote wawili nimewazaa hospitali ya misheni, na sisemi kwa kuwasifia, maana kuna sista mmoja alinifokea na uchungu wangu mpaka nikasahau uchungu. Lakini dawa ilikuwepo, taa ilikuwepo, na usiku wa manane mtu alikuwepo. Sokomoko, hiyo dini ikifa yenyewe, zamu ya usiku atashika nani? Usiniambie serikali. Serikali naijua.


#5 Mwanamzizima

Sokomoko, nilijua Denmark itakuja, huwa haikosi.

Kwanza, zaidi ya asilimia 70 ya Wadenmark bado ni wanachama wa kanisa lao la taifa, na wengi wanakatwa kodi ya kanisa kwenye mshahara. Katiba inamtaka mfalme awe wa kanisa hilo. Bendera yao ni msalaba. Hiyo ndiyo "nchi bila dini" unayonipa? Wale wamefanya jambo jingine kabisa: wameiweka dini kabatini, wanaitoa siku ya harusi na mazishi. Huenda ndiyo hali nzuri, sibishi, ila usiiite kufutwa. Sweden kanisa lilitengana na dola mwaka 2000 tu, juzi hapo. Shule, bima na pensheni vilitangulia miongo mingi. Watu walipata zamu ya usiku anayoisema Mama Wawili, ndipo wakaacha kwenda kanisani. Sisi mnataka tuanzie mwisho.

Ucheki ndiyo inayonivutia. Kweli ni miongoni mwa watu wasioamini kuliko wote Ulaya. Lakini usidhani ni elimu iliyowafikisha hapo. Mwaka 1415 Jan Hus, mhubiri wao, alichomwa moto kwa uamuzi wa mtaguso wa Kanisa. Mwaka 1620 walishindwa vita vya Mlima Mweupe, na ukoo wa Habsburg ukawarudisha kwenye Ukatoliki kwa lazima, asiyetaka ahame nchi. Karne tatu baadaye, walipopata uhuru, watu waliliacha kanisa kwa mamia ya maelfu, na sanamu ya Bikira Maria iliyokuwa uwanja mkuu wa Praha ikaangushwa 1918. Waalbania walinyang'anywa dini kwa nguvu, wakairudia. Wacheki walishindiliwa dini kwa nguvu, wakaitema. Mimi nikiwa askofu ningesoma habari za Wacheki kila asubuhi kabla ya kuomba serikali inisaidie chochote.


#6 Sokomoko

Hiyo ya Ucheki nakubali ni nzuri. Lakini sensa yako umeichezea mkuu. Asilimia 2.5 ndiyo walioandika "simwamini Mungu". Sensa hiyo hiyo ya 2011 karibu asilimia 14 walikataa kujibu swali la dini, na wengine zaidi ya asilimia 5 wakasema wanaamini ila hawana dhehebu. Na hao Waislamu asilimia 56 wa Albania wengi wao ni Waislamu wa jina, pombe ya raki iko mezani tangu asubuhi. Kwa hiyo usiseme Hoxha hakufanikiwa kabisa. Alibakiza jina, akaondoa mwenyewe.

Kwa Mama Wawili: mama, shikamoo. Hospitali za misheni nyingi mishahara ya wafanyakazi inachangiwa na serikali, kuna mkataba tangu 1992. Kodi yangu na yako. Msalaba ukutani, hundi Hazina.


#7 Mama Wawili

Marahaba. Hundi ya Hazina haifoki, lakini pia haiamki usiku. Endeleeni.


#8 Kutoka Kigali

Samahani kwa Kiswahili changu, nitajitahidi. Nasoma hii tangu mwanzo, nataka kusema kitu ambacho mleta uzi hakugusa.

Ninyi mnauliza bila dini ingekuwaje. Sisi tulikuwa na dini, nyingi sana. Mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari, Wanyarwanda walio wengi mno walikuwa Wakristo waliobatizwa. Watu walikimbilia kanisani kwa sababu katika machafuko ya nyuma kanisani walikuwa hawaguswi. Makanisa ya Ntarama, Nyamata, Nyarubuye. Waliuawa mle mle. Nyange, padri wa parokia mwenyewe, Athanase Seromba, alihusika kuliangusha kanisa kwa tingatinga na watu zaidi ya elfu moja wakiwa ndani. Kesi yake ilisikilizwa kwenu Arusha: miaka 15 mwaka 2006, kisha rufaa ya 2008 ikampa kifungo cha maisha. Kabla yake kulikuwa na mchungaji wa Kiadventista, Ntakirutimana, huyo alipewa miaka 10 mwaka 2003.

Ukienda Nyamata leo, nguo za watu zimewekwa juu ya mabenchi ya kanisa. Kitambaa cha altare kipo, na damu yake. Sitaeleza zaidi.

Kwa hiyo Sokomoko ana haki ya kukasirika. Lakini ona upande mwingine. Waislamu walikuwa wachache Rwanda, hawana cheo, watu waliwadharau. Nyamirambo na Biryogo, mitaa ya Kigali, wengi walificha watu majumbani na misikitini. Ni kwa sababu Uislamu ni bora kuliko Ukristo? Watu wengine wanasema hivyo, mimi sisemi. Angalia hili: Askofu Mkuu wa Kigali alikaa kwenye Kamati Kuu ya chama tawala cha MRND kwa miaka mingi, hadi karibu na 1990. Mufti hakukaa humo. Aliyekuwa karibu na kiti alinyamaza, na aliyekuwa mbali na kiti alifungua mlango. Mimi naona hesabu ni hiyo. Wapo mapadri na masista waliokufa wakikataa kutoa watu, nao hawakuwa na kiti.

Na Nyange hiyo hiyo, Machi 1997, wapiganaji waliingia shule ya sekondari usiku, wakawaamuru wanafunzi wajigawe Wahutu huku, Watutsi huku. Wakakataa, wakasema sisi ni Wanyarwanda. Kadhaa wakauawa. Sasa wako kwenye orodha ya mashujaa wa taifa. Walikuwa wanasali? Wengi bila shaka. Lakini padri naye alikuwa anasali.


#9 Muhenga_77

Nimerudi na chai ya pili, nimekuta comedy imegeuka msiba. Kutoka Kigali, pole sana ndugu yetu, na Kiswahili chako kinatushinda sisi wa Kariakoo.


#10 Mtoto wa Malindi

Nami niingie, maana Shakahola ni kwetu, si mbali na hapa nilipo.

Ndugu zangu wa bara mnaijua kama habari ya simu. Sisi tuliona magari yakipita. Paul Mackenzie alikuwa na kanisa mjini Malindi, akalifunga, akawapeleka watu msituni, akawaambia wafunge kula hadi wakutane na Yesu. Makaburi yalianza kufukuliwa Aprili 2023, na miili ikapita 400, watoto wengi. Kabla yetu ilikuwa Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, watu mamia wakateketea ndani ya kanisa lililofungwa kwa misumari. Kwa hiyo mtu akiniambia dini haiui, namwomba aje nimpeleke.

Lakini nisikilizeni. Majirani walisema mapema. Kulikuwa na kesi mahakamani miaka ya nyuma kuhusu mafundisho yake, likiwemo la kuwakataza watoto shule. Machi 2023 alikamatwa kwa vifo vya watoto wawili, akaachiwa kwa dhamana. Akarudi. Sheria ya watoto ya 2022 ilikuwepo tayari. Mtoto asiyekwenda shule, asiyepelekwa hospitali, asiyepewa chakula, hilo ni kosa hata baba yake akiwa hana dini yoyote. Huhitaji kumfuta Mungu ndipo umkamate mtu huyo. Unahitaji polisi wa kufika.

Na jambo la kuniuma zaidi: wale walikuwa na Biblia, na waliwahi kuwa na makanisa mengine, ya kawaida, yenye wazee na kamati na watu wa kugombana nao. Alichofanya kwanza ni kuwatoa huko. Aliwatoa kwenye shule, kwenye zahanati, kwenye kanisa la jirani, hata kwa jamaa zao. Alipowamaliza kuwatenga ndipo akawafungisha.


#11 Sokomoko

Mtoto wa Malindi, sawa, lakini unalikwepa swali. Mwizi wa kuku anatumia giza. Hatusemi giza halina kosa, tunaweka taa. Mackenzie alitumia dini kwa sababu dini ndiyo mahali pekee ambapo mtu akisema "nimeambiwa na Mungu" huruhusiwi kumuuliza ushahidi. Daktari akisema usile siku 40 utamuuliza vyeti. Mchungaji hakuna. Hiyo kinga ndiyo ninayotaka iondoke.


#12 Mwanamzizima

Hapa sasa Sokomoko umeshuka kutoka "zifutwe" hadi "kinga iondoke". Ungeanza hivyo uzi ungekuwa na mistari minne.

Lakini tazama, kinga hiyo Hoxha alikuwa nayo zaidi ya mchungaji yeyote. Nani angemuuliza Albania ushahidi? Urusi wakati wa Stalin waliuliza dini kwenye sensa ya 1937, zaidi ya nusu ya watu wazima wakajibu wanaamini, miaka ishirini baada ya mapinduzi. Takwimu zikafichwa na waliosimamia sensa wakakamatwa. Hawa ndio wanasayansi wa serikali isiyo na Mungu, wamekataa hesabu zao wenyewe kwa sababu haziendani na maandiko! Mwaka 1931 walilipua kanisa kuu la Kristo Mwokozi pale Moscow wajenge kasri la kisoviet. Kasri halikujengwa, shimo likaja kuwa bwawa la kuogelea, na leo pana kanisa tena. Padri na katibu mwenezi wote wawili wanalindwa kwa kutoulizwa.


#13 Bint wa Barazani

Nawasikiliza wanaume mnavyorushiana nchi za watu. Hata hapa dola imewahi kutia mkono. Mwaka 1968 jumuiya ya Waislamu ya EAMWS ilivunjwa na BAKWATA ikazaliwa mwaka huo huo, na mpaka leo ukikaa barazani na wazee wa Gerezani au Ilala Bungoni watakusimulia kwa hasira kama jana. Na mkataba wa 1992 alioutaja Sokomoko, Waislamu wengi wanaulalamikia kwamba uliwafaidisha wengine. Nataja ili mjue kwamba "serikali haina dini, watu wana dini" ni kauli tamu, ila kila upande una kidonda chake.

Na pamoja na vidonda vyote hivyo, mtaani kwangu Idi pilau inavuka ukuta, Krismasi soda inarudi. Mleta uzi, hiyo Albania kabla ya 1967 ilikuwa hivi hivi, na bado ni hivi hivi baada ya yote. Dini si ndiyo iliyowafundisha? Au ni ujirani? Mimi nadhani ni ujirani, na dini zao ziliujua ujirani huo zikauacha.


#14 Kutoka Kigali

Mmesema kinga. Kwetu walijaribu. Mwaka 2018 makanisa zaidi ya 700 Kigali yalifungwa, na hata msikiti, kwa kelele, kwa usafi, kwa majengo mabovu. Ikaja sheria: kiongozi wa kanisa awe na shahada ya theolojia. Wengine walifurahi, hata mama yangu, kwa sababu ya spika.

Lakini nawauliza: Seromba alisoma seminari miaka mingi. Shahada haikumzuia kuleta tingatinga.


#15 Sokomoko

Hilo sina jibu nalo.


#16 Mtoto wa Malindi

Huku nako tume iliundwa, ripoti ikaandikwa, wachungaji wakapinga kwamba serikali inataka kuwabana. Wengine hoja zao ni za haki. Ukimpa mkuu wa wilaya kalamu ya kuamua nani ahubiri, kesho itakuwa biashara ya bahasha, na mtu kama Mackenzie ndiye mwenye bahasha. Kanisa la babu yangu chini ya mwembe halina.

Mimi ningeridhika na machache. Mtoto akikosa shule mwezi mzima, mzee wa mtaa aende kwenye nyumba hiyo, iwe ya mchungaji au ya mlevi. Watu mia wakihamia msituni na watoto wadogo, chifu aende aone wanakula nini. Kiongozi wa dini akikusanya sadaka, waumini waonyeshwe hesabu, kama chama cha ushirika. Na jirani akipiga ripoti kituoni, isiishie kwenye kitabu cha matukio.


#17 Mama Wawili

Hiyo ya hesabu za sadaka naiunga mkono. Parokiani kwetu zinasomwa kila robo mwaka, na kuna mzee mmoja lazima asimame aulize bei ya simenti.


#18 Muhenga_77

Huyo mzee tunaomba mtuazime.